Jina la Chuo Lisigeuzwe Mwito wa Kijahilia



Ndugu zetu Waislamu, leo tumeona tuseme juu ya jambo ambalo wazee wengi hulihesabu kuwa ni la watoto, na kwa sababu hiyo hawalitilii maanani: dharau na uhasama baina ya vijana wanaojifunza michezo ya kujihami ya mitindo mbalimbali. Katika miji yetu, tangu Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, vijana wa Kiislamu wamo katika kumbi za karate, taekwondo, judo, kung fu na ndondi. Wazazi huwapeleka kwa nia njema, ili wapate afya, waepukane na vijiwe, na wajifunze nidhamu. Kisha kijana hurudi nyumbani baada ya miezi michache akiwa na mkanda wa rangi kiunoni, na pamoja na mkanda huo amepata ulimi mpya. Karate yake ndiyo mapigano ya kweli, taekwondo ni kurukaruka, kung fu ni mambo ya sinema, na bondia ni mtu asiyejua kuwa ana miguu. Hata ndani ya karate yenyewe, wa Shotokan humcheka wa Goju-ryu, na wa Goju-ryu humlipa kwa kipimo kile kile. Baba husikia akatabasamu. Sisi tunasema asitabasamu.

Tuanze kwa kuondoa shaka: hatuna ugomvi na mchezo wenyewe. Muislamu mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, ingawa kwa wote wawili imo kheri. Hivyo ndivyo maana ya Hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) naye akawatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Imesimuliwa pia kwamba Mtume alishikana mieleka na Rukana, aliyekuwa akijulikana Makka kwa nguvu zake, akambwaga. Wanachuoni wamesema yao juu ya udhaifu wa mapokezi ya kisa hicho, lakini hatujui aliyesema kuwa mieleka ni haramu. Na sisi watu wa pwani tuna kirumbizi chetu. Nani aliyehudhuria Maulidi ya Lamu asiwaone wanaume wawili wakikabiliana kwa fimbo katikati ya duara, ngoma ikilia, kila mmoja akitafuta nafasi ya kupiga na ya kukinga, kisha wakatoka uwanjani wakiwa ni ndugu kama walivyoingia?

Basi ugomvi wetu ni na ule ulimi mpya. Mwenye kudhani kuwa ulimi huo ni upuuzi wa ujana utakaopita wenyewe, tunamwomba afuatane nasi hadi nchi ya mbali kidogo, Indonesia, kwa ndugu zetu wa kisiwa cha Java. Tumewachagua hao kwa sababu. Wao ni Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi kama walivyo wengi wa watu wa pwani yetu, wanasoma Maulidi ya Barzanji kama tunavyoyasoma sisi, na masharifu wenye asili ya Hadhramaut wamefika kwao kama walivyofika kwetu. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa hayo ni mambo ya watu wasiojua dini.

Mchezo wao ni pencak silat, sanaa ya kale ya mikono, miguu na silaha, ambayo shirika la UNESCO liliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Upande wa magharibi wa jimbo la Java Mashariki uko mji wa Madiun, na hapo aliishi mwalimu aliyeitwa Ki Ngabehi Surodiwiryo. Mzee huyu hakuzaliwa na mtindo wake. Alizunguka Java Magharibi na Sumatra akichota kwa walimu mbalimbali, akakusanya alichokiona kizuri kwa kila mmoja, na mwaka 1903 akaanza kufundisha mjini Surabaya. Alipohamia Madiun, chuo chake kikajulikana kuanzia mwaka 1917 kwa jina la Persaudaraan Setia Hati. Neno la kwanza maana yake ni undugu, na mawili yanayofuata ni moyo mwaminifu. Mzee alifariki mwaka 1944 na kaburi lake liko hapo hapo Madiun, mahali paitwapo Winongo.

Mwanafunzi wake mmoja, Ki Hadjar Hardjo Oetomo, ambaye pia alifungwa na Waholanzi kwa ajili ya kupigania uhuru, alianzisha tawi lake mwaka 1922. Tawi hilo leo linaitwa Persaudaraan Setia Hati Terate, na terate ni yungiyungi. Katika miaka ya 1960 likatokea tawi jingine, Setia Hati Winongo Tunas Muda. Matawi mawili, shina moja, kaburi moja la mwalimu, jina moja la moyo mwaminifu. Na kwa miaka mingi vijana wa matawi haya mawili wamekuwa wakipigana mawe barabarani, wakivunja madirisha ya watu wasiohusika, na kumshambulia mpita njia kwa kosa la kuvaa fulana yenye nembo ya upande wa pili. Watu wamekufa katika mapigano hayo.

Lililotuuma zaidi ni wakati wake. Kwa Wajava mwezi wa Muharram huitwa Suro, jina lililotokana na Ashura, kwani Sultan Agung wa Mataram aliifungamanisha kalenda ya Kijava na ile ya Hijria mwaka 1633. Ni mwezi wa heshima kwao. Ndipo wanachama wapya wa Terate wanapothibitishwa, na ndipo wale wa Winongo wanapofanya mkutano wao mkuu na kuyazuru makaburi ya walimu wao. Kwa hiyo mwezi ambao Mwenyezi Mungu ameufanya kuwa mmoja wa miezi minne mitukufu, na akatuonya tusizidhulumu nafsi zetu ndani yake, ndio mwezi ambao polisi wa Java Mashariki hupanga vikosi njia panda kuwatenganisha Waislamu na Waislamu. Mnamo Julai 2024, yaani ndani ya Muharram ya mwaka 1446, mjini Jember, wanachama wa Terate waliokuwa katika msafara walimpiga askari polisi aliyekuwa kazini, na wengi wao wakakamatwa.

Serikali ya jimbo hilo imejaribu njia nyingi. Mwezi Juni 2023 ilitoa waraka wa kutaka minara ya ukumbusho yenye nembo za vyuo vya silat, iliyojengwa njia panda na mahali pengine pa umma, ibomolewe, kwani ilikwisha kuwa chanzo cha mapigano. Fikirini, ndugu zetu: saruji iliyotiwa rangi, na watu wazima wanaumizana kwa ajili yake. Vyuo vilivyo chini ya jumuiya za dini navyo havikusalimika. Jumuiya ya Nahdlatul Ulama, ambayo ni ya wanachuoni, ina chuo chake cha silat kiitwacho Pagar Nusa, kilichoanzishwa mwaka 1986, na vijana wake nao wamewahi kuingia katika ugomvi wa aina hii. Wala msidhani ni balaa la Waislamu peke yao. Huko Timor Mashariki, nchi ya Wakatoliki ambako vyuo hivi vilifika wakati wa utawala wa Indonesia, serikali ilipiga marufuku makundi matatu mwaka 2013, na mwezi Novemba 2023 ikasimamisha tena michezo hiyo kwa sababu ya damu iliyomwagika.

Je, mambo hayo yalianza kwa mawe? La hasha. Hakuna anayeanza kwa jiwe. Huanza kwa mzaha mdogo wa mtoto aliyerudi kutoka mazoezini: mtindo wao si kitu. Mzaha ukizoeleka huwa imani. Imani hiyo humfanya amwone mwenziwe kuwa si mtu mwenye mtindo mwingine, bali ni mtu duni. Na aliye duni machoni pako, kumpiga hakukuumizi.

Mtume (S.A.W.) aliukuta ugonjwa huu ukiwa bado ni mchanga akautibu papo hapo. Katika msafara wa Bani Mustaliq, ambao wanahistoria wamekhitilafiana kama ulikuwa mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijria, mtu mmoja wa Muhajirina alimpiga makalioni mwenziwe wa Kiansari. Wafasiri wanasema neno lililotumika katika Hadithi ni la pigo la mkono au la mguu. Pigo hilo halikuua wala halikujeruhi. Lakini Ansari akapaza sauti kuwaita Ansari wenzake, na Muhajiri naye akawaita Muhajirina wenzake, na watu wakaanza kukusanyika. Mtume alipozisikia sauti hizo alitoka akauliza vipi mwito wa kijahilia unasikika hapo, akawaamrisha wauache kwani ni kitu kinachonuka. Maana ya Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.).

Tuitazame vizuri. Muhajirina na Ansari si majina mabaya. Ni majina aliyoyasifu Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Kitabu chake, wala hayako katika umma huu majina ya makundi yaliyo bora kuliko hayo. Na Mtume hakuyafuta baada ya siku ile. Waliendelea kuitwa hivyo mpaka walipokufa. Alichokikataa ni kugeuzwa kwa jina jema kuwa mwito wa kukusanyia watu wa kupigana. Ikiwa jina la Ansari, lililopatikana kwa kuinusuru dini, huoza linapotumiwa namna hiyo, seuze jina la chuo cha karate, lililopatikana kwa kulipa ada ya mwezi?

Na tazameni lililofuata. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliliona pigo lile kuwa ni fursa. Akasema maneno yake kwamba wakirejea Madina, mwenye nguvu atamtoa aliye mnyonge, maneno ambayo yameteremshiwa Sura ya Al-Munafiqun. Daima yuko mtu wa aina hii pembezoni mwa ugomvi wa vijana, naye aghalabu si kijana. Mtume alifanya nini? Wanahistoria wa Sira wanaeleza kwamba aliwaamrisha watu waondoke saa ambayo hakuwa na desturi ya kusafiri, akawatembeza mchana ule mpaka jioni, na usiku mpaka asubuhi, na asubuhi mpaka jua likawachoma, na walipoteremka hawakuwahi kugusa ardhi ila usingizi uliwachukua. Hawakupata nafasi ya kukaa vikundi vikundi kuyarudiarudia yaliyotokea. Walimu wa michezo wanaolalamika kuwa vijana wao wana maneno mengi wangeisoma sehemu hii ya Sira kwa makini.

Yuko atakayetuuliza: je, si kweli kwamba mtindo mmoja waweza kuwa bora kuliko mwingine? Yumkini, kwa jambo moja au jingine. Judo itakufundisha kuanguka bila kuvunjika, ndondi itakufundisha kuikwepa ngumi. Lakini kiu ya kuthibitisha ubora kwa kumdhalilisha mwingine haimfikishi mtu popote. Mwaka 1976, tarehe 26 Juni, bondia Muhammad Ali, Muislamu ambaye umma wote ulijifakharisha naye, alipambana mjini Tokyo na mcheza mieleka wa Kijapani Antonio Inoki, ili ijulikane lipi bora, ndondi au mieleka. Kabla ya pambano Ali alimcheka Inoki kwa kidevu chake kirefu akamwita mwari, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Inoki naye akamtunuku Ali gongo la kutembelea mbele ya watu. Pambano likaenda raundi zote 15. Inoki alijilaza chini sehemu kubwa akimpiga Ali mateke ya miguuni, na Ali, asiye na la kumfanya mtu aliyelala, alirusha ngumi zisizofika kumi. Matokeo yalikuwa sare. Watazamaji walikasirika, na Ali akaishia hospitali kwa majeraha ya miguu. Hakuna mtindo uliothibitisha kitu siku ile, kwani kila mmoja alikaa mahali ambapo mwingine hawezi kumfikia. Jambo zuri lilikuja baadaye: watu hao wawili wakawa marafiki, na Inoki alipoagwa ulingoni mwaka 1998 Ali alisafiri mpaka Tokyo kuhudhuria. Urafiki huo wangeweza kuuanza bila ya mwari na gongo.

Na walimu wenyewe waliokuwa wakubwa hawakuwa na tabia hii. Tumekwisha kumtaja Surodiwiryo, aliyechota kwa wengi. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaionyesha Tokyo mwaka 1922, hakuupa mtindo wake jina. Shoto lilikuwa jina lake la kuandikia mashairi, na wanafunzi ndio waliolitundika mlangoni mwa ukumbi. Alipofariki mwaka 1957 wanafunzi hao waligombana hata juu ya nani ayasimamie mazishi yake, na mfarakano huo haukupona. Tunavyoona sisi, aghalabu aliye mbali na mwalimu ndiye mwenye kelele nyingi kwa jina lake. Tungeweza kusema mengi hapa juu ya misikiti yetu, na juu ya wale wanaolitumia jina la imamu wa madhehebu au la shekhe wa twariqa kwa namna hii hii, lakini hilo lina Ijumaa yake.

Sasa tuwageukie wazazi. Mnapompeleka mtoto kwenye klabu, aghalabu mnauliza ada na saa za mazoezi, na wengine huuliza kama kuna swala ya Magharibi. Mmefanya vyema. (Suala la kuinama mbele ya mwalimu au mbele ya picha lina mjadala wake, na mwenye wasiwasi amwulize mwanachuoni anayemwamini.) Lakini kaeni pia jioni moja kwenye benchi mkamsikilize mwalimu anavyozungumza juu ya walimu wengine. Mkimsikia akiwachekesha watoto kwa kuuigiza mtindo wa jirani, basi hilo nalo ni somo, na watoto huliiva upesi kuliko mateke. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Hujurat watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ndio bora, na akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Mtume (S.A.W.) naye ameeleza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwalimu asiyejua hayo atawezaje kumfundisha mtoto nidhamu?

Na mtoto akirudi na maneno yale, asikemewe tu. Aulizwe: umewahi kuwaona wakifanya mazoezi? Wana pigo gani ambalo ninyi hamnalo? Mara nyingi atanyamaza, kwa sababu hajawahi kuwaona.

Kwa viongozi wa klabu tuna ombi moja. Tazameni Hadithi ya Salama bin al-Akwaa (R.A.) aliyoipokea Bukhari. Mtume aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale. Aliwatia moyo, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mlenga mishale, na akasema kuwa yeye yuko pamoja na kundi moja. Kundi la pili likaizuia mikono yake. Alipowauliza kulikoni, wakajibu kwamba hawawezi kulenga dhidi ya watu ambao yeye yuko pamoja nao. Akawaambia walenge, kwani yuko pamoja nao wote. Mashindano hayakuvunjwa, wala hakuna aliyeambiwa aache kutamani ushindi.

Indonesia yenyewe imetuonyesha mfano mdogo wa hilo. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 mjini Jakarta, kijana Hanifan Yudani Kusumah alishinda dhahabu ya silat, kisha akapanda jukwaani kuwasalimu wakubwa. Walikuwapo Rais Joko Widodo na Prabowo Subianto, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha silat cha nchi, na wawili hao walikuwa wapinzani katika kinyang'anyiro cha urais. Kijana akawakumbatia wote wawili kwa pamoja ndani ya bendera moja, nchi nzima ikitazama.

Klabu zetu haziwezi kuitisha marais, lakini zinaweza kualikana. Mwalimu wa karate amwite mwalimu wa judo aje awafundishe vijana wake kuanguka, na yeye aende akawafundishe wa judo kukinga ngumi. Likizo ya shule yafaa kwa jambo hilo, kwani watoto hawana kazi nyingi. Siku ya kwanza pasiwe na mashindano wala watazamaji. Watoto wachanganywe, asipangwe mtu na wa klabu yake, na fulana zenye nembo ziachwe nyumbani. Wakimaliza waswali Alasiri kwa jamaa, safu moja, na atangulizwe mbele aliye hodari wa kusoma Qur'ani, awe anatoka klabu yoyote ile.